Mbeleko Tuliyozaliwa Nayo

Shikamoo Mama Theodora,

Sijawahi kuandika gazetini na leo naandika kwa sababu wewe hunioni uso, maana jambo lenyewe sijamwambia mtu yeyote, si mume wangu, si binti yangu, wala daktari, na jina langu naomba ulifiche. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na sita, mzaliwa wa Newala na bado naishi hapa hapa, nimezaa watoto sita, mikorosho tunayo, muhogo tunao, nguvu za kulima ninazo, ila mkojo, mama, mkojo hauniheshimu tena.

Ulianza kama mzaha siku zangu zilipokoma, nikicheka sana tone, nikipiga chafya tone, nikawa nasema ni uchovu, halafu ukaja msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho na lile vumbi likanikaa kifuani nikakohoa wiki nzima, na kila kikohozi kikawa kinatoka na chake. Sasa hata nikijitwika ndoo, hata nikiinuka kwenye mkeka, nakuta kanga imelowa. Nimejaribu niliyoyaweza. Nilijiambia kisima kisichoingia maji hakiwezi kutoa, nikaacha kunywa maji, na sisi wa huku juu kwa jambo hilo tumezoea, mama zetu walikuwa wanateremka bondeni alfajiri na kupanda na mtungi kichwani na mtu anakunywa kikombe kimoja anaona kinatosha, basi na mimi nikawa nakunywa chai ya rangi ya asubuhi, kali, na nyingine ya jioni, zaidi ya hapo naloweka mdomo tu. Nikawa naenda chooni kila mara, hata nisipobanwa, ili kibofu kisikute kitu cha kumwaga. Nikanunua na unga wa mizizi mnadani Nanganga, muuzaji aliapa kwamba unakausha mkojo, badala yake nikakosa choo siku nne. Sasa navaa kanga tatu, moja juu ya nyingine, na msikitini nasimama safu ya mwisho karibu na mlango, siku nyingine naswali nyumbani nikisingizia nina wageni.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonifanya nishike kalamu ni unyago. Mimi ni nyakanga, ndiye mama anayekaa na wasichana ndani kuwafunda na kuingia nao uwanjani siku ya kutoka, kazi aliyokuwa nayo mama yangu na bibi yangu kabla yake. Mwaka jana mwezi wa saba tulikuwa uwanjani, ngoma imepamba moto, na Veridiana, mwenzangu tunayeongoza naye, akaanza kuniimbia utani mbele ya watu, "Nyakanga kiuno kimeshika kutu, nani ana mafuta?" Nami nikamjibu, "Kutu iko kwenye ulimi wako, mafuta anza nayo huko," watu wakaangua kicheko, nami nikacheka huku nazungusha kiuno, na palepale nikasikia joto linashuka mapajani mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Mama, sijui akili ile ilitoka wapi. Pembeni wapishi walikuwa wameweka ndoo ya maji. Nikaiendea mbio kwa hatua za ngoma ileile, nikajimwagia kuanzia kiunoni, na yaliyobaki nikawamwagia wali, wale wasichana tuliowafunda. Ndoo nzima ya maji, Newala, mwezi wa saba, kiangazi. Mpishi mmoja akasema, "Na ugali tutausongea nini, jasho lenu?" Lakini Veridiana alinitazama kidogo, kisha akapiga kigelegele, akasema, "Hiyo ni baraka, acheni maji yashuke," na wanawake wote wakaitikia.

Tangu siku hiyo imekuwa desturi. Watu wananiuliza maana yake nawajibu ni mambo ya wazee. Veridiana alipoitwa kuongoza ngoma kwa ndugu zake kule Lisekese naye akajimwagia, tena mapema kuliko nilivyofanya mimi, na naambiwa sasa haingii uwanjani mpaka ndoo iwepo.

Mwaka huu shule zikifungwa mwezi wa sita ni zamu ya mjukuu wangu Rukaiya. Mama yake ni Pili, binti yangu, ameolewa na mwalimu kutoka Kigoma na wanakaa Masasi, Mkomaindo. Pili alikuja mwenyewe na sukari na kanga mpya kuniomba nimcheze mtoto wake, yaani nimtie unyagoni, kama inavyotakiwa, na mimi nikamwambia siwezi, goti linaniuma.

"Goti, mama? Si nimekukuta unatoka shamba na muhogo kichwani?"

"Ndiyo lililoniumiza," nikasema.

"Sema tu kwamba baba yake si wa huku. Wajukuu wengine wote umewacheza wewe. Wangu ndiyo goti."

Aliondoka bila kula. Sasa akipiga simu ni shikamoo mama, wazima nyie, basi, na Rukaiya anasikika kwa nyuma akiuliza kama bibi amekubali. Mzee Salmini, mume wangu, anasema nimemvunja mtoto moyo bila sababu, na sababu siwezi kumwambia. Niambie mama, nikubali nikaaibike mbele ya wakwe, au nishikilie goti langu nimpoteze Pili? Na kama iko dawa yoyote isiyo ya kisu nielekeze, kwa maana kisu nakiogopa.

Mimi,
Mvaa kanga tatu, Newala

*

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale kwenye ndoo, unisamehe. Mara ya pili niliiweka chini, kwa kuwa niliona jambo kubwa ndani yake ambalo wewe mwenyewe hujaliona. Nitakufikisha huko. Kwanza nikueleze mwili wako, kisha nikugombeze, kwa utaratibu huo.

Unajua mbeleko, kile kitambaa ulichobebea watoto wako sita mgongoni. Mwanamke huzaliwa na mbeleko nyingine ndani yake. Ni msuli uliotandazwa chini ya nyonga, umefungwa mbele kwenye mfupa wa kinena na nyuma kwenye kifandugu, na juu yake vimekaa kibofu, mji wa mimba na utumbo wa choo. Unene wake haufiki unene wa kidole chako. Mbeleko hiyo imebeba vyote hivyo tangu ulipojifunza kusimama. Imebeba mimba sita. Imefunguka watoto sita wakapita, kisha ikajirudi. Kila ulipojitwika ndoo ukapanda mlima, yenyewe ndiyo iliyokaza chini ili vya juu visishuke, na hakuna siku hata moja uliyoiambia kaza. Nimekuwa mkunga, nikafundisha wakunga mpaka nikastaafu, na bado nikiifikiria kazi ya kitu chembamba namna hiyo huwa natafuta pa kukaa.

Basi kitu kilichofanya kazi yote hiyo kikilegea kidogo, utakiita aibu? Siku za mwanamke zikikoma, homoni zilizokuwa zikilainisha na kunenepesha sehemu zile hupungua. Ukijumlisha uzazi, mizigo ya kichwani na kikohozi cha salfa, mbeleko inalegea, na kifuniko cha kibofu kinakosa wa kukiegemeza. Ukicheka au kukohoa, tumbo linasukuma chini na tone linatoka. Hukurogwa. Wala si wewe peke yako, ni wanawake wengi sana wa umri wetu, na kila mmoja anadhani ni yeye tu, kwa sababu kila mmoja amevaa kanga tatu na kusimama karibu na mlango.

Sasa nikugombeze.

Umeacha kunywa maji. Mdogo wangu, mama zetu walikunywa kikombe kimoja kwa sababu hapakuwa na cha pili, halikuwa fundisho. Mkojo unapokuwa mchache unakuwa mkali, unakiwasha kibofu, nacho kikiwashwa hutaka kutoa hicho hicho kidogo upesi upesi, na vijidudu hupata nafasi ya kukaa. Chai yako kali inazidisha. Umekauka na bado unavuja, sasa ulichokipata ni nini? Kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa mpaka mkojo wako uwe na rangi ya njano hafifu, kisha upunguze baada ya magharibi ili ulale. Chai iwe nyepesi. Na wasomaji wangu wanaopenda uraka wa mabibo, nao wajue kwamba pombe hukikera kibofu vilevile.

Ule unga wa Nanganga utupe. Hukujua umechanganywa na nini, na ulichokupatia ni choo kigumu, ambacho nacho ni adui wa mbeleko, kwa kuwa kila unapojikamua chooni unaivuta chini. Kula kisamvu, kunde, mbaazi, mapapai, na ule muhogo wako usiwe peke yake sahanini.

Tena acha kukimbilia chooni kabla ya kubanwa. Kibofu hufundishika kama mtoto. Ukikizoesha kutolewa kila saa, hudai kila saa hata kikiwa na vijiko vitatu. Hamu ikija mapema, simama, kaza, vuta pumzi taratibu, subiri ipungue, ndipo uende kwa hatua za kawaida. Kila wiki sogeza muda mbele kidogo. Lakini usijilazimishe mpaka maumivu.

Nimemaliza kugomba. Hapa sasa nisikilize, nyakanga, maana hili ndilo lililonifanya niiweke barua chini.

Mambo ya ndani ya unyago hayaandikwi gazetini. Mimi nami nilichezwa, mipaka naijua. Ila kuna kifundisho kimoja ambacho wewe umewapa wasichana kwa miaka yote uliyoshika kazi hii, kile cha kukaza na kuachia, ambacho mwali huambiwa kwamba ni kwa ajili ya nyumba yake. Unakijua. Kikumbuke vizuri jinsi mama yako alivyokufundisha.

Ndicho hicho.

Ni kilekile ambacho leo wataalamu wa hospitali kubwa huwafundisha wanawake wanaovuja mkojo, tena kabla ya vidonge na kabla ya kisu unachokiogopa. Bibi yako hakuwahi kuona picha ya msuli ule. Hakuna aliyewahi kumfungulia mwili akamwonyesha. Na bado yeye na wenzake walijua kwamba upo, walijua unasikia amri, wakautafutia ngoma na mahali pa kufundishwa ili ujuzi huo usipotee, na ukapita kwa bibi yako, ukapita kwa mama yako, ukafika kwako. Umehangaika mnadani kutafuta dawa, na dawa unayo, umekabidhiwa ukiwa msichana.

Kosa letu ni moja, na nasema letu. Tuliwaambia wasichana kwamba kifundisho kile ni cha mume, hatukuwaambia kwamba ni chao. Kwa hiyo mwanamke akishazaa vya kutosha, au mume akizeeka, au akibaki mjane, anakiweka kando kama nguo ya harusi, wakati huo ndio hasa mwili unakihitaji.

Kwa wasomaji ambao hawakuchezwa nitaeleza kwa adabu. Kaza kama mtu anayezuia upepo usimtoke mbele za watu, kisha ongeza kana kwamba unazuia na mkojo, ukivuta kuelekea ndani na juu. Makalio yatulie, mapaja yatulie, pumzi iendelee. Shikilia huku ukihesabu taratibu mpaka tano kama unaweza, au mpaka tatu kama ndipo ulipofika, halafu achia kabisa na upumzike muda huohuo. Rudia kama mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Anza ukiwa umelala, ukizoea ufanye umekaa ukimenya muhogo, mwisho ufanye umesimama. Hakuna atakayejua. Usifanye zoezi hili katikati ya kukojoa, maana unakivuruga kibofu. Na uwe na mazoea haya ya maisha: kabla ya kukohoa, kabla ya kupiga chafya, kabla ya kuinua ndoo, kaza kwanza. Ndoo yenyewe ijaze nusu, uende mara mbili. Wakati wa salfa kaa mbali na shamba, au jifunike pua na mdomo kwa kitambaa kizito, wapulize wengine.

Usitegemee kuona badiliko Ijumaa hii. Mkorosho hauzai mwaka uliopandwa. Wengi huona nafuu baada ya miezi mitatu hivi ya kufanya bila kuruka, na wewe mpaka mwezi wa sita unayo nafasi. Nafuu yako huenda ikawa kubwa, huenda ikawa ya kiasi, siwezi kukuapia kama yule wa mnadani.

Kabla ya hayo yote nenda hospitali. Utakapokwenda kwa Pili, hospitali ya Mkomaindo iko hapo hapo. Wapime mkojo, wapime sukari, wakuangalie. Kama kuna damu kwenye mkojo, maumivu, homa, au unahisi kitu kinashuka ukeni, au miguu inakufa ganzi, au mkojo unatiririka mchana na usiku bila kukoma, hayo hayangoji mazoezi. Kwa wakati huu vaa kitambaa safi kimoja kinachonyonya, ukibadilishe kila kinapolowa, ukifue na ukianike juani, si kanga tatu zinazokupikia vipele. Kuhusu swala, dini yako ina maelekezo kwa mwenye udhuru kama wako, wala hayakufukuzi msikitini. Mtafute mwalimu wa kike unayemwamini umuulize, kisha urudi kwenye safu.

Nimefika kwa Pili. Hapa sikuhurumii.

Binti yako anaamini kwamba mama yake amembagua mtoto wake kwa ajili ya kabila la baba. Hilo ni jeraha, na umelifanya kwa kuogopa tone. Usimweleze kwa simu. Panda gari uende Masasi, ukae naye jikoni, umwambie hivi: "Mwanangu, goti langu ni zima. Ninavuja mkojo, na niliogopa kuvuja mbele ya wakwe zako." Maneno hayo hayazidi pumzi mbili. Ukishayasema, nyamaza umwache aseme yeye. Naye ni mzazi, usishangae akikujibu kwamba akipiga chafya naye hubana magoti. Kisha mkubalie. Mzee Salmini naye umwambie ukirudi, ameishi na wewe miaka yote hiyo, tone la mkojo halitamfukuza nyumbani.

Rukaiya umcheze wewe. Kabla ya kuingia uwanjani pita chooni, vaa kitambaa na kanga ya rangi nzito, kaza kabla ya kumjibu anayekutania, na ukichoka keti uimbishe, nyakanga aliyeketi bado ni nyakanga. Ukipenda kumwaga maji, yamwage. Watu wameshaipenda baraka yako na mimi sioni ubaya wake, ila safari hii iwe kwa hiari yako, na mpishi awekewe ndoo yake pembeni. Na mkiwa ndani na wasichana, mkifika kwenye kifundisho kile, ongeza maneno ambayo sisi hatukuambiwa. Mwambie Rukaiya na wenzake kwamba ni chao wenyewe, wakitunze mpaka uzeeni.

Limebaki moja. Umesema Veridiana alikutazama kidogo kabla ya kupiga kigelegele. Umesema pia kwamba aliipokea desturi yako palepale, kwamba Lisekese alijimwagia mapema kuliko wewe, na kwamba sasa haingii uwanjani bila ndoo. Mdogo wangu, katika nchi ambayo maji yanapandishwa mlima, mtu haigi kujimwagia ndoo nzima kwa kupendezwa tu.

Mwite kwako siku moja, mlango ufungwe. Usimuulize kitu. Mpe kikombe cha maji ya kunywa, kimejaa, umtazame. Akiloweka mdomo tu na kukiweka chini, msogezee mkeka karibu, uanze kumfundisha.